Kisu cha kukunja: Kabla ya uzuri wake, angalia loki

Mtoto akionekana na kisu cha jikoni, nyumba nzima hupiga kelele. Akishika kisu cha kukunja, mara nyingi watu hunyamaza, kwa kuwa makali yamejificha ndani ya mpini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Visu hivi vya wawindaji na wakulima hukata vidole kwa njia mbili: kufunguka mikononi mwa asiyestahili, au kujifunga ghafla kazi ikiendelea. Vya zamani na vya kisasa havilingani katika hatari hizo.

Vya zamani

Vingi havina loki. Bapa hushikiliwa na springi tu, hivyo ncha ikikwama kwenye mfupa au mti, bapa hurudi na kukuta vidole. Hata hivyo, springi hiyo huwa ngumu. Kukifungua kunahitaji mikono miwili na ukucha, jambo linalomshinda mtoto mdogo.

Watengenezaji waliliona tatizo hilo. Opinel, kisu kilichoanza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, kiliwekewa pete ya chuma shingoni mwaka 1955 ili bapa lisirudi. Mwaka 2000 pete hiyo iliboreshwa, ikaweza kufunga hata bapa likiwa limekunjwa. Marekani, Buck 110 ya mwaka 1964 ilipata umaarufu kwa wawindaji kwa loki yake imara ya mgongoni. Bapa lake lina urefu wa sentimita 9.5, na kisu chote kina uzito wa gramu 200 hivi.

Vya kisasa

Hivi ni vyepesi. Toleo la Buck 110 lenye mpini wa nailoni lina bapa la urefu uleule, lakini uzito haufiki nusu.

Vingi vina tundu au kijiti kwenye bapa, kidole gumba kikifungue kwa mkono mmoja. Spyderco ilitoa kisu chake chenye tundu mwaka 1981. Mwindaji aliyeshika nyama kwa mkono wa pili hufurahi, lakini kinachomrahisishia yeye kinamrahisishia na mtoto.

Kingine, loki ya kibati cha ndani, inayotumika sana siku hizi, humlazimu mtu kuweka kidole gumba kwenye njia ya bapa anapokifunga. Kidole kisipoondolewa mapema, kinakatwa.

Mzazi afanye nini?

• Chagua kisu chenye loki, na kikague mara kwa mara. Bapa likicheza, usikitumie.

• Kama kuna watoto, kinachofunguliwa kwa mikono miwili kinafaa zaidi.

• Kihifadhi juu, kwenye sanduku lenye kufuli. Mfuko wa koti si mahali salama.

• Safisha maungio baada ya kuchuna nyama, maana damu na mafuta hubaki humo na kuzalisha vijidudu.

Mtoto akijikata

Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Damu ikikata, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni.

Nenda hospitali haraka ikiwa damu haikati, jeraha ni la kina, kidole hakikunjiki au kimekufa ganzi. Huenda kano au mshipa wa fahamu umekatika, hata kama jeraha linaonekana dogo. Beba kadi ya kliniki ili ijulikane kama chanjo ya pepopunda imekamilika.