"Mwalimu, Hizi Herufi Zitatusaidia Nini?"

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, sekondari moja mjini Bagamoyo, kijana wa kidato cha nne aliniuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, hizi herufi za aljebra zitatusaidia nini?" Nikamjibu, "Zipo kwenye mtihani." Darasa likacheka, kipindi kikaisha. Lakini ndugu zangu, tusidanganyane, lile halikuwa jibu. Jibu lenyewe nimekuja kulipata kwenye tangi la maji.

Tuanze na maji tunayoyajua. Mtambo wa Ruvu Chini, uliopo wilaya ya Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976 na leo una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Maji hayo yanasukumwa kwa pampu kuja Bunju, Tegeta na kwingineko Dar es Salaam. Na popote penye pampu na tangi, pana swali lilelile: pampu isukume kwa nguvu kiasi gani ili tangi lisifurike wala lisikauke? Kulijibu swali hilo muda wote, bila mtu kusimama pale na swichi, ndiko kunaitwa udhibiti.

Jirani yangu wa hosteli anasoma uhandisi. Mradi wake ulikuwa wa pampu inayoongezwa na kupunguzwa kasi, si ile ya kuwasha na kuzima tu. Kifaa kinapima kina cha maji, kompyuta inakilinganisha na kina kinachotakiwa, kisha inaiamuru pampu. Amri hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inaangalia pengo la sasa: pengo likiwa kubwa, pampu inakazana. Ya pili inajumlisha mapengo yote yaliyopita, kama mwenye duka anavyojumlisha madeni kwenye daftari. Nguvu ya sehemu ya kwanza tuiite p, ya pili tuiite j.

Shida ilikuwa moja. Alipoujaribu mfumo wake kwenye kompyuta, maji yalipanda, yakashuka, yakapanda zaidi, hayatulii. Yeye akaona tangi ni dogo. Akalitoa lita 1,000, akaweka 2,000, halafu 5,000. Saa nane usiku bado anabadilisha namba.

"Kaka, kalale," nikamwambia.

"Mwalimu, wiki ijayo nawasilisha. Nikizembea hapa nimekwisha."

Ndipo tukafungua Maxima. Hii ni programu ya aljebra, yenye asili yake kwenye Macsyma, iliyoanza kutengenezwa MIT, Marekani, miaka ya 1960. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaiweka, kwa hiyo husubiri bumu. Tofauti yake na kikokotoo ni kwamba si lazima uipe namba. Unaipa herufi, inafungua mabano, inarahisisha, na herufi zinabaki herufi.

Tukaandika U kwa eneo la kitako cha tangi, na m kwa muda ambao pampu inachelewa kuitikia amri. Tukapata mlinganyo huu:

U·m·s³ + U·s² + p·s + j = 0

Majibu ya s ndiyo yanayosema kama maji yatatulia au yatayumba. Ila hatukuhitaji kuyatafuta. Mwanahisabati Edward Routh alishaonyesha mwaka 1877 jinsi ya kujua bila kuutatua mlinganyo. Kwa mlinganyo wa aina hii, ambapo namba zote ni chanya, zile mbili za katikati zikizidishwa lazima zizishinde zile mbili za pembeni zikizidishwa:

U·p > U·m·j

Gawanya kwa U pande zote:

p > m·j

Umeona? Eneo la tangi limetoka! Mwenzangu alikuwa na m ya sekunde 5, j ya 0.2 na p ya 0.8. Tano mara 0.2 ni 1, na 0.8 haifiki hapo. Angeweka hata tangi la ukubwa wa bwawa, maji yangeyumba tu, ila polepole zaidi. Akapandisha p hadi 2, maji yakatulia. Namba zilimkesha usiku kucha kwa sababu zinajibu tangi moja moja. Herufi zilijibu matangi yote kwa mpigo, zikamwonyesha na jambo la kuacha kuhangaika nalo.

Lakini msije mkaiabudu programu. Tulijaribu kuiondoa m, yaani kujifanya pampu inatii papo hapo. Mlinganyo ukabaki U·s² + p·s + j = 0, ambao hautoi onyo lolote: p na j zikiwa chanya, maji yanatulia daima. Hesabu ni sahihi kabisa, na ungeifuata ungefurisha tangi. Maxima haijawahi kuona pampu. Kujua kwamba pampu inachelewa ni kazi yako wewe uliyeisikiliza ikinguruma.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kidato cha nne, jibu langu ni hili. Kompyuta itakufungulia mabano. Haitakuchagulia herufi ipi iingie kwenye mlinganyo, wala haitashtuka herufi moja ikitoka. Kushtuka huko ndiko nilikopaswa kukufundisha siku ile, na sikukufundisha. Mwezi wa saba narudi tena darasani, na safari hii naanza na tangi.