Jedwali la Maji Halizeeki kama Bei ya Dagaa

Mei 2024 iliwapa watu wa pwani mitihani miwili ndani ya siku kumi. Tarehe 3 na 4 kimbunga Hidaya kilikuwa kinasogea kuelekea Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ikawa inatoa taarifa moja baada ya nyingine. Kuanzia Mtwara hadi Tanga, kila mwenye chombo majini alitaka kujua taarifa ya saa hiyo inasemaje, si ile ya asubuhi. Kimbunga kikapita. Jumapili ya tarehe 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti nchini ikawa ya kukokota kwa siku kadhaa. Safari hii mtu alikuwa radhi kuonyeshwa hata taarifa ya jana, mradi aone kitu.

Anayetengeneza programu za wavuti anatakiwa kufaulu mitihani yote miwili kwa ukurasa uleule. Hiyo ndiyo kazi ya akiba, ile ambayo mafundi huiita kache: kuweka nakala ya kitu karibu na mtumiaji ili asikifuate mbali kila mara. Kuweka nakala ni rahisi. Kujua ni lini nakala hiyo haifai tena ndiko kunakowashinda wengi, na kwa maoni yangu wanashindwa kwa sababu wanaupangia ukurasa mzima umri mmoja.

Kwanza tujue umbali unatugharimu nini. Seacom ilitua Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, hivyo ombi linalotoka kwenye simu ya mtu wa Pangani husafiri kwanza nchi kavu kabla ya kufika baharini. Tuseme seva iko Ujerumani: mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, inakula sehemu ya kumi ya sekunde kabla seva haijafanya lolote. Utasema ni kidogo. Lakini muunganisho salama huenda na kurudi mara mbili ndipo ombi la kwanza lianze safari yake, na hapo hatujahesabu foleni ya mnara wa simu jioni watu wanapotoka kazini.

Muundo wa kurasa za siku hizi unaongeza tatizo hilo. Tangu Facebook ilipoitoa React kwa umma mwaka 2013, na Vue ikafuata mwaka 2014, ukurasa umekuwa mkusanyiko wa vijenzi: kipande hiki kinaonyesha jina lako, kile kinaonyesha bei, kingine ramani. Kila kijenzi kina msimbo wake, na mara nyingi kila kimoja hujitafutia data yake. Kijenzi mama kikishapata jibu ndipo humruhusu mtoto naye aombe, mtoto akipata ndipo mjukuu aombe. Vizazi vinne ni safari nne za Ulaya, moja baada ya nyingine. Mtu aliyejaribu programu hiyo ofisini kwa intaneti ya waya haoni kitu. Aliyeko kijijini Moa, pwani ya Tanga, anaona gurudumu linazunguka tu.

Tubuni ukurasa mmoja kwa ajili ya wavuvi na wakulima wa mwani, kuanzia Moa na Mkinga hadi Pangani. Una jedwali la maji kujaa na kupwa, utabiri wa upepo, tahadhari za hatari, bei ya dagaa mnadani Deep Sea, soko la samaki la Tanga, na sehemu ya mvuvi kulipia leseni yake. Ukurasa ni mmoja, ila umri wa habari zake unatofautiana sana.

Jedwali la maji ndilo tulivu kuliko vyote. Maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu hukaa katikati. Yote haya hukokotolewa kutokana na mwendo wa mwezi na jua, na hakuna mkutano wa bodi utakaoyabadilisha. Jedwali la mwaka mzima lina takriban mistari 1,400 ya saa na kimo, na likiandikwa kwa ubahili halizidi KB 20, chini ya picha moja ndogo ya simu. Basi kwa nini simu iliombe upya kila asubuhi? Lishushwe mara moja, likae mwaka. (Najua mama anayelima mwani hahitaji simu kumwambia bamvua ni lini, mwezi humwambia bure. Saa kamili ya maji makavu ndiyo inayomfaa, hasa kama ana mkutano wa kikundi siku hiyohiyo.)

Utabiri wa upepo ni habari nyingine. Una saa za kutolewa, na kati ya toleo moja na lingine haubadiliki. Hapa kosa la kawaida ni kuchagua namba ya mviringo, tuseme saa 6, kwa sababu inapendeza. Kama toleo jipya linatoka baada ya dakika 10, nakala ya saa 6 itakuwa ya zamani kwa muda wote uliobaki. Muda wa nakala uhesabiwe kutoka sasa hadi toleo lijalo, na seva iutaje kwa sekunde katika kichwa cha Cache-Control cha jibu lake.

Bei ya dagaa ndiyo inayonivutia zaidi, maana haifuati saa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa hizo hupungua nguvu na vyombo vingi hupumzika. Wakati wa giza bei inaweza kubadilika mara kadhaa kabla jua halijapanda. Wakati wa mwezi mpevu bei iliyoandikwa inaweza kukaa siku nyingi bila kuguswa kwa sababu hakuna mnada wa maana. Ukiweka dakika 5, wakati wa mbalamwezi utakuwa unawamalizia watu bando kwa kuleta namba ileile. Ukiweka siku nzima, wakati wa giza mchuuzi atafika sokoni na bei ya kuota. Dawa yake ni kuifuta nakala kwa tukio: karani wa mnada akiingiza bei mpya, programu inatupa nakala ya kijenzi hicho peke yake na kuacha vingine vilivyo. Karani asipoingiza kitu, nakala inaendelea kutumika, hata wiki.

Na pale ambapo huwezi kutegemea tukio, kuna njia ya kati ambayo imeandikwa rasmi katika kanuni za wavuti tangu 2010: mpe mtumiaji nakala ya zamani papo hapo, kisha nyuma ya pazia nenda kaulize kama kuna mpya. Seva ikiwa haina jipya hujibu kwa namba 304, yaani ulicho nacho bado kinafaa, na jibu hilo halibebi data tena. Kwa upepo na bei njia hii inatosha kabisa.

Kwa tahadhari haitoshi. Usiku ule wa Hidaya, nakala ya zamani papo hapo ingekuwa ni kumwambia nahodha bahari shwari kisha kumsahihisha sekunde tatu baadaye, akiwa ameshaweka simu mfukoni. Kijenzi cha tahadhari lazima kiulize kwanza ndipo kiseme. Kikikosa mtandao kiandike wazi kwamba hakikuweza kuuliza, na taarifa ya mwisho kilicho nayo ilikuwa ya saa ngapi. Sehemu ya malipo nayo isiwe na nakala ya pamoja hata kidogo: kumbukumbu namba ya malipo ya mtu mmoja ikihifadhiwa kwenye seva ya njiani bila jina la mwenyewe, mtu wa pili atapewa yeye.

Hapo tumegusa suala la ufunguo. Kila nakala huhifadhiwa kwa ufunguo, na ufunguo usipobeba kila kinachotofautisha jibu, majibu yatachanganyika. Ufunguo ulioandikwa “maji” utampa mtu wa Pangani saa za Moa. Lazima uwe na kituo, na kwa kipande kinachoonyesha maji ya leo tu, tarehe pia. Na tarehe yenyewe ina mtego ambao nawasihi vijana waukague leo: seva nyingi huhesabu siku kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ufunguo ukitengenezwa kwa saa hiyo, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku ukurasa utakuwa unaonyesha maji ya jana. Msimamizi wa programu amelala saa hizo. Mvuvi wa dagaa yuko kazini.

Faida ya ufunguo mzuri ni kwamba vijenzi vitano vikihitaji kituo cha Pangani kwa wakati mmoja, ombi linaloondoka ni moja tu, na vingine vinne vinasubiri jibu hilohilo. Hili peke yake hukata safari nyingi kuliko ufundi wowote wa kukumbuka mahesabu ndani ya kijenzi, jambo ambalo wanafunzi wa React hulipenda mno. Kukumbuka hesabu ya kupanga mistari 30 ya bei hakumsaidii mtu. Kufuata mistari hiyo Ulaya mara tano ndiko kunakomuumiza.

Msimbo wenyewe hauna ugumu. Jina la faili libebe alama inayotokana na yaliyomo, na kivinjari kiruhusiwe kulitunza mwaka mzima. Ukibadilisha herufi moja, jina linabadilika na kivinjari kinashusha jipya. Ule ushauri wa zamani wa kuchukua maktaba kutoka seva maarufu kwa matumaini kwamba simu tayari inayo, uacheni. Tangu mwaka 2020 Chrome hutenga akiba ya kila tovuti, kwa hiyo faili uliloshusha ukiwa tovuti nyingine halikusaidii hapa.

Hesabu yake ni hii. Tuseme msimbo na picha ni KB 600, na data inayobadilika ni KB 4. Mtu akifungua ukurasa mara tatu kwa siku, mwezi mzima bila akiba atakuwa ametumia takriban MB 54. Kwa akiba iliyopangwa anashusha KB 600 mara moja na KB 4 mara 90. Jumla haifiki MB 1.

Lililobaki ni mtihani wa tarehe 12 Mei. Kivinjari kinaruhusu programu ndogo kukaa kati ya ukurasa na mtandao, ikajibu kutoka kwenye simu yenyewe mtandao ukikatika. Jedwali la maji, bei ya mwisho na umbo zima la ukurasa vinaweza kufunguka katikati ya Mkondo wa Pemba bila mnara wowote. Sharti ni moja, nami silegezi: kila kijenzi kiandike saa ya habari yake. Bei ya juzi iliyoandikwa “juzi” ni msaada kwa mchuuzi, lakini bila tarehe inamdanganya.

Nani apange muda wa kila kijenzi? Si mwandika msimbo peke yake. Karani wa mnada anajua bei hukaa kwa muda gani, na nahodha anajua tahadhari ya saa ngapi bado inamfaa. Nendeni mkawaulize kabla ya kuandika namba yoyote ya sekunde. Kisha fungueni ukurasa wenu kwenye simu ya bei nafuu, mkiwa Kigombe au Mkinga na si ofisini Chumbageni mjini Tanga, mzime, mfungue tena, na muangalie umeshusha KB ngapi mara ya pili. Ukizidi KB 50, rudini mkaanze na jedwali la maji.