Ndovu wa Tsavo: unalipia macho, masikio au pua?

Matangazo ya Tsavo huuza picha: ndovu aliyejipaka vumbi jekundu, machweo, kitanda cheupe chini ya chandarua. Mzazi wa Voi au Wundanyi anayeipangia familia matembezi ya likizo ana swali zito zaidi: mbali na kuona, pesa hizi zitatupatia nini?

Kwa anayetoka mbali, treni ya SGR ndiyo rahisi. Tangu Januari 2024, Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Anayeshukia Voi hulipa pungufu. Reli hupita juu ya tuta, na mwenye bahati huwaona ndovu. Lakini dirisha halifunguki. Aliyelipa mara tatu amepata kiti kipana; ndovu ni wale wale, nyuma ya kioo kile kile, hawasikiki wala hawanusiki. Kwa ajili ya wanyama, daraja la kawaida latosha kabisa.

Waliojenga loji zetu walilifikiria vizuri jambo hili la kusikia na kunusa. Voi Safari Lodge, kilimani ndani ya Tsavo Mashariki, na Sarova Salt Lick, ile ya nguzo ukishapita Mwatate, zote zina njia ya chini kwa chini inayokufikisha kwenye chumba kando ya maji. Hapo macho yako yako usawa wa miguu ya ndovu. Unasikia mkonga ukivuta maji, kisha yakimwagika kinywani. Harufu ya tope na kinyesi kibichi inakujia. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele ananyamaza bila kuambiwa. Mimi ningelipia hilo kabla ya bwawa la kuogelea.

Ila usilinganishe bei za vyumba peke yake. Kufika Voi Safari Lodge lazima kwanza ulipe kiingilio cha KWS kupitia eCitizen; Salt Lick iko katika hifadhi ya binafsi yenye kiingilio chake. Jumlisha na mafuta. Piga simu uulize kama wanapokea wageni wa chakula cha mchana, maana si lazima ulale.

Mfuko ukiwa mwembamba, changeni mkodi gari lenye paa la kuinuka, mwingie na chakula chenu, mwende Mudanda. Ni mwamba mrefu wenye maji chini yake, nawe unakaa juu upepo ukikupiga, ukisikiliza. Hauna malipo zaidi ya kiingilio cha mbuga.

Msimu nao ni pesa. Kati ya Julai na Oktoba kiangazi huwaleta wanyama kwenye maji. Mvua za Novemba zikishanyesha, ndovu hunywa popote, na chumba kinachotazama maji kinaweza kukupa usiku mzima wa kusikiliza vyura. Anayekuuzia chumba hicho Novemba kwa bei ya Agosti, mwombe punguzo.