Reli ndogo: Kwa nini rangi hubanduka kwenye vipande vya shaba, na jinsi ya kuizuia

Unaweza kumaliza wiki nzima ukijenga stesheni ya treni inayoenea juu ya meza ya chakula. Kisha mtu anaugusa uzio kwa ukucha, na rangi inatoka kama ganda la kitunguu. Chini yake shaba inang'aa.

Kwa wapenzi wa reli ndogo wa Uingereza, kosa hili ni la kawaida. Na mara nyingi rangi yenyewe haina kosa. Tatizo ni maandalizi.

Kwa nini shaba?

Kuta za majengo haya hutengenezwa kwa kadibodi au plastiki. Lakini uzio, ngazi, fremu za madirisha na urembo wa ukingo wa paa vinahitaji kitu chembamba na kigumu.

Kipimo kinachotumika sana Uingereza ni 1:76. Kwa hesabu hiyo, fito ya dirisha yenye upana wa sentimita 2.5 inabaki milimita 0.33 tu. Plastiki nyembamba hivyo huvunjika upesi. Shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, inastahimili.

Vipande hivi havikatwi kwa msumeno. Bati jembamba la shaba hupakwa kinga inayobadilika ikipigwa na mwanga, mchoro unapigwa picha juu yake, kisha kemikali inakula sehemu zisizo na kinga. Vipande vinabaki vimeshikwa kwenye bati kwa vishikizo vidogo.

Kwa nini rangi haishiki?

Shaba ni laini na haina vitundu kama mbao, kwa hiyo rangi haina pa kung'ang'ania. Ongeza mafuta ya vidole na mabaki ya dawa ya kulehemu, basi, kwisha kazi.

Hatua kwa hatua

1. Kata. Laza bati juu ya kitu kigumu, kata vishikizo kwa kisu kikali, kisha sawazisha ncha kwa tupa ndogo. Ukikatia juu ya kitu laini, kipande kinapinda.

2. Unganisha kwanza. Kulehemu kufanyike kabla ya rangi, maana joto litaiunguza. Fungua madirisha, na unawe mikono ukimaliza, hasa kama waya wa kulehemu una risasi.

3. Kwaruza kidogo. Pitisha msasa laini sana, namba 600 au zaidi, hadi mng'ao upungue. Mikwaruzo hiyo midogo ndiyo itakayoipa rangi pa kushika.

4. Osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani vinatosha. Suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti. Kuanzia hapo, shika kwa kibano au glavu tu.

5. Piga praima. Inayofaa ni praima ya chuma yenye tindikali kidogo, ambayo inauma uso wa shaba na kujishikiza. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka jembamba, mara mbili. Vaa barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi. Ile ya kitambaa haisaidii. Acha ikauke siku nzima.

6. Paka rangi. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Hapa hesabu haidanganyi: rangi yenye unene wa milimita 0.1 kila upande inaifanya ile fito ya sentimita 2.5 ionekane kama ya sentimita 4. Dirisha linageuka geti.

Tahadhari na vya kung'arishia

Anayeijua milango ya Zanzibar anajua shaba inavyofifia, na ndimu inavyoirudishia mng'ao. Tindikali ya ndimu au siki inaondoa weusi, ni kweli. Lakini usiloweke kwa muda mrefu, na suuza vizuri. Dawa za dukani za kung'arisha shaba ziepuke kabisa: nyingi huacha utando, na utando huo ndio unaofukuza rangi.

Rangi ipi?

Inategemea stesheni ni ya nani na ya mwaka gani. Stesheni za shirika la Great Western, kwa mfano, zilipakwa rangi mbili za mawe, moja nyepesi na nyingine nzito. Ukipaka kijani, wajuzi watakuuliza.

Na kama imeshabanduka?

Usipake juu ya kidonda. Ondoa rangi yote kwa dawa ya kutolea rangi, osha, na urudi hatua ya tatu. Kama sehemu zimegandishwa kwa supa gluu, jaribu kwanza pembeni, maana baadhi ya dawa huachanisha gundi.

Kabla ya kumalizia jengo zima, jaribu kwenye mabaki ya bati lenyewe. Bandika utepe wa gundi juu ya rangi iliyokauka, kisha uvute. Ukitoka mtupu, endelea na kazi.