Keki ya jibini ya biskuti na krimu

Keki ya jibini ya biskuti na krimu ni kitindamlo kinachotengenezwa kwa jibini laini, sukari, mayai na biskuti nyeusi za kakao zenye krimu nyeupe katikati. Ina tabaka mbili: chini kuna biskuti zilizopondwa na kushikanishwa kwa siagi, na juu yake kuna mchanganyiko wa jibini wenye vipande vya biskuti zilezile.

Ingawa inaitwa keki, haifanani na keki ya kawaida ya unga wa ngano. Haitiwi hamira wala magadi, na haitarajiwi kuumuka. Kinachoishikilia ni protini za mayai, ambazo huganda polepole kwa moto wa wastani, kama inavyotokea katika kastadi. Kwa sababu hiyo mafanikio yake hutegemea zaidi udhibiti wa moto kuliko aina ya jiko. Inaweza kuokwa katika oveni ya umeme au katika sufuria juu ya jiko la mkaa.

## Historia

Keki zenye jibini zilijulikana tangu zamani katika Ugiriki na Roma ya Kale. Cato Mzee, mwandishi Mroma wa karne ya 2 KK, aliandika katika kitabu chake *De agri cultura* namna ya kuoka mkate mdogo wa jibini, unga na yai ulioitwa *libum*.

Keki ya jibini ya kisasa inategemea jibini laini yenye mafuta mengi iliyoanza kutengenezwa kwa wingi katika jimbo la New York, Marekani, miaka ya 1870. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni William Lawrence, mtengenezaji wa jibini wa mji wa Chester. Mwaka 1880 jibini hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Philadelphia, ingawa haikutengenezwa katika mji huo.

Biskuti nyeusi zenye krimu zilitokea baadaye. Hydrox ilianza kuuzwa mwaka 1908, na Oreo mwaka 1912. Rangi yao nyeusi hutokana na kakao iliyotiwa alkali, ambayo hupunguza uchachu wa kakao na kuifanya iwe nyeusi zaidi. Ladha ya "biskuti na krimu" ilipata umaarufu kwanza katika aiskrimu za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikaingia katika keki.

## Maziwa na mazingira ya Njombe

Lyamkena ni kata ya Mji wa Makambako katika Mkoa wa Njombe, kusini mwa Tanzania. Makambako iko kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na ile inayoelekea Njombe na Songea, na ina kituo cha reli ya TAZARA.

Nyanda za juu za Njombe zina baridi inayowafaa ng'ombe wa maziwa. Mjini Njombe kulianzishwa kiwanda kwa ushirikiano na shirika la Kiitalia la CEFA, ambacho kilitumia maziwa ya wafugaji wadogo kutengeneza mtindi na jibini za mtindo wa Kiitalia. Hata hivyo, jibini ngumu au zinazovutika, kama mozzarella, hazifai kwa keki hii kwa kuwa hazilainiki na kuwa uji mzito. Jibini laini ya pakiti huuzwa hasa katika maduka makubwa ya mijini na bei yake ni kubwa. Njia rahisi zaidi kwa mpishi wa nyumbani ni kuchuja mtindi.

Mwinuko nao una athari. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94 hadi 95 za Selsiasi badala ya 100. Keki inayookwa ndani ya chombo chenye maji hupata joto la upole zaidi kuliko ile ya pwani. Hilo huizuia kupasuka, lakini huongeza muda wa kuiva.

## Jibini ya nyumbani

Lita 2 za maziwa yasiyoondolewa mafuta huchemshwa kwanza. Hatua hii haipaswi kurukwa, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, ambavyo hufa kwa kuchemshwa. Kuganda kwa maziwa hakuviui vijidudu hivyo kwa uhakika. Kwa hiyo mtindi uliotokana na maziwa yasiyochemshwa si salama kwa sababu tu umechachuka.

Maziwa huachwa yapoe hadi kufikia nyuzi 40 hivi, yaani uvuguvugu ambao kidole safi kinaweza kuuvumilia. Hutiwa vijiko vinne vya mtindi usio na sukari, kisha huwekwa katika chupa ya chai au chombo kilichofunikwa kwa blanketi kwa saa 8 hadi 10. Katika baridi ya Njombe, maziwa yaliyoachwa wazi mezani hupoa mapema na huenda yasigande vizuri.

Mtindi ulioganda hufungwa katika kitambaa safi kilichochemshwa na kuning'inizwa mahali pa baridi kwa saa 12, hadi maji yake yachuruzike. Lita 2 hutoa takriban gramu 600 za jibini laini. Jibini hiyo ina mafuta machache kuliko ya kiwandani, kwa hiyo huongezewa malai, pamoja na unga kidogo wa kunyonya maji yaliyobaki.

## Mahitaji

Kwa chombo chenye kipenyo cha sentimita 20 huhitajika:

* biskuti nyeusi zenye krimu, gramu 200 kwa ajili ya kitako, na nyingine 10 kwa ajili ya mchanganyiko
* siagi iliyoyeyushwa, gramu 50
* jibini laini, gramu 600
* sukari, gramu 150
* mayai 3
* malai, mililita 120
* unga wa ngano, vijiko 2 vya chakula
* vanila, kijiko 1 cha chai

Viungo vyote vya baridi hutolewa mapema ili vifikie joto la chumba. Jibini yenye ubaridi hubaki na madonge, na kuipiga kwa muda mrefu ili kuyaondoa huingiza hewa inayosababisha nyufa.

## Utengenezaji

Biskuti za kitako husagwa pamoja na krimu yake, huchanganywa na siagi na kushindiliwa chini ya chombo kilichotandikwa karatasi ya kuokea. Kitako huwekwa mahali pa baridi ili kigande.

Jibini na sukari hupondwa kwa mwiko hadi viwe laini. Unga, malai na vanila hufuata. Mayai huongezwa mwishoni, moja baada ya jingine, na kukorogwa kwa muda mfupi tu. Biskuti 10 huvunjwa vipande vikubwa na kuchanganywa kwa mizunguko michache. Zikikorogwa sana hutoa rangi na kuifanya keki yote kuwa ya kijivu.

Katika oveni, keki huokwa kwa nyuzi 150 hadi 160 kwa muda wa dakika 60 hivi. Huwa tayari pale ukingo unapokuwa mgumu huku katikati kukitikisika kidogo kama uji ulioganda. Joto la ndani lililobaki humalizia kuivisha sehemu hiyo.

### Kuoka kwa jiko la mkaa

Mawe matatu bapa huwekwa ndani ya sufuria kubwa na nene, na maji ya moto hutiwa bila kuyafunika. Chombo cha keki hufunikwa kwa karatasi ya alumini ili matone ya mvuke yasiingie, kisha huwekwa juu ya mawe. Sufuria hufunikwa na makaa machache huwekwa juu ya mfuniko. Moto wa chini huwa mdogo, na maji huongezwa yakipungua. Kuiva huchukua kati ya saa 1 na saa 1 na nusu.

Kazi hii hufanyika nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Hatari huwa kubwa zaidi katika miezi ya baridi, watu wanapofunga madirisha na kuingiza jiko ndani.

## Kasoro za kawaida

* Nyufa: moto ulikuwa mkali au keki ilipozwa ghafla. Huepukwa kwa kuiacha ndani ya oveni au sufuria, moto ukiwa umezimwa na mfuniko umefunguliwa kidogo, kwa saa 1.
* Katikati pana majimaji: haikuiva, au mtindi haukuchujwa vya kutosha.
* Chengachenga kama za mayai ya kuvuruga: protini zilikazwa na joto la kupita kiasi.
* Kitako kilicholowa: maji au mvuke uliingia katika chombo.

## Uhifadhi

Keki iliyopoa huhifadhiwa katika jokofu kwa saa 6 au usiku kucha kabla ya kukatwa. Kwa kuwa ina maziwa na mayai, haipaswi kukaa nje kwa zaidi ya saa 2. Baridi ya usiku wa Juni na Julai huko Njombe husaidia kuipoza, lakini haichukui nafasi ya jokofu, ambalo hutakiwa kuwa na nyuzi 5 au chini yake. Pasipo jokofu, ni afadhali kuoka keki ndogo itakayoliwa siku hiyohiyo mara inapopoa. Katika jokofu hudumu kwa siku 3 hadi 4, ingawa biskuti zake hulainika kadiri siku zinavyopita.