Kaskazi, moshi wa meli na hewa tunayoivuta

Mtoto akibanwa na pumu huku kwetu, ushauri wa kwanza barazani ni uleule: mpelekeni ufuoni akapunge upepo. Hewa ya bahari ni dawa, ndivyo tunavyoambiana tangu zamani. Sisemi ni upuzi. Ninachosema ni kwamba hewa ya bahari si moja. Ya Julai na ya Februari ni hewa mbili tofauti, na anayetaka kujua sababu lazima kwanza aijue gesi iitwayo ozoni.

Wengi tuliisikia shuleni kama paa la dunia. Ni kweli. Kiasi cha asilimia 90 ya ozoni yote iko juu sana, zaidi katika kilomita 15 hadi 35 hivi, ambako hutukinga na miale mikali ya jua. Hiyo tuiache hukohuko alikoiweka Mola. Ninayoizungumzia ni ile kidogo iliyo huku chini, tunayoivuta puani. Ni gesi ileile, atomi tatu za oksijeni zilizoshikana, ila huku chini ni sumu: huwasha koo, huvimbisha njia za pumzi, na mwenye pumu huihisi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ajabu yake ni kwamba hakuna bomba la lori wala la meli ambalo kazi yake ni kutema ozoni. Hupikwa hewani, na jua ndilo moto wake. Injini inapochoma mafuta kwa joto kali, nitrojeni na oksijeni zilizomo katika hewa ya kawaida huungana zikawa oksidi za nitrojeni. Mojawapo, nitrojeni dioksidi, ikipigwa na jua hupasuka na kuachia atomi moja ya oksijeni. Atomi hiyo haikai peke yake. Hudandia oksijeni ya kawaida, na hapo ozoni imezaliwa. Kilichobaki, nitrojeni monoksidi, hurudi kuila ozoni hiyohiyo na kugeuka dioksidi tena. Ingekuwa hapo ndipo mwisho, hesabu ingelingana, kutoa na kurudisha. Lakini kuna kabonimonoksidi na mivuke ya petroli. Hizi zinapochakaa polepole hewani huigeuza nitrojeni monoksidi kuwa dioksidi bila kuigusa ozoni. Basi ozoni inazaliwa, haina wa kuila, inarundikana.

Sasa twende bahari kuu. Mbali na miji, oksidi za nitrojeni karibu hazipo, na jua lilelile hufanya kazi kinyume. Huivunja ozoni, na kipande kinachochomoka humo kikikutana na mvuke wa maji, ambao baharini haukosi, huzaa kitu kiitwacho hidroksili. Hidroksili haiishi hata sekunde moja, na bado, subhanallah, ndiyo mfagiaji mkuu wa anga. Huondoa kabonimonoksidi, methani na taka nyingine nyingi. Hata iodini inayopanda kutoka majini husaidia kuimaliza ozoni. Ndiyo maana katika hewa safi ya bahari za tropiki ozoni huweza kuwa sehemu 10 hadi 20 tu kwa kila bilioni. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi maikrogramu 100 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 8, ambayo ni kama sehemu 50 kwa bilioni.

Kwa hiyo wazee hawakukosea. Hewa waliyoisifu ndiyo hewa ya kusi, inayosafiri maelfu ya kilomita juu ya Bahari ya Hindi ya kusini, mahali pasipo na miji ya kutaja, mpaka itufikie.

Kaskazi ni habari nyingine. Januari hadi Machi 1999, wanasayansi wa nchi kadhaa walifanya utafiti mkubwa ulioitwa INDOEX, wakiwa na kituo huko Maldivi, kwa ndege, meli na mitambo ya visiwani. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa V. Ramanathan na Paul Crutzen, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya ozoni. Walikuta utando wa moshi umefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya Bahari ya Hindi. Ulitoka Asia ya Kusini, kwenye kuni, samadi, magari na viwanda. Ulikomea kwenye ule ukanda wa mawingu ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ng'ambo ya ukanda huo hewa ilikuwa safi.

Na ukanda huo, miezi ya kaskazi, huwa umeshuka kusini mwa ikweta. Ramani inaiweka Mombasa nyuzi 4 kusini, lakini Januari upepo unatuweka kaskazini, upande mmoja na Asia.

Sitaki mtu aondoke hapa akiilaumu Mumbai, maana jambo lenyewe liko hapa. Oksidi za nitrojeni hazivumilii safari. Baharini humalizika kwa siku moja hivi. Kabonimonoksidi hukaa mwezi mmoja hadi miwili. Hewa ikikaa siku kadhaa baharini basi hufika ikiwa na kabonimonoksidi yake, ila imepungukiwa na kile cha kupikia ozoni. Kinachopungua tunakitia sisi: malori ya Changamwe, jenereta, majaa yanayofuka moshi usiku kucha, na meli.

Kuhusu meli kuna jambo linalopotosha. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa duniani kote kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ni hatua kubwa, na wengi wakadhani mambo yameisha. Lakini oksidi za nitrojeni hutokana zaidi na hewa inayoingia kwenye injini, si mafuta. Punguza salfa utakavyo, zenyewe zipo. Satelaiti zimewahi kuuona mstari wake juu ya njia ya meli kutoka kusini mwa Sri Lanka hadi Sumatra. Sheria kali zaidi kwa gesi hizo zinazihusu meli mpya zinapopita maeneo maalumu kama Baltiki, Bahari ya Kaskazini na pwani za Marekani. Bahari yetu haimo. Na meli iliyofunga gatini bila umeme wa nchi kavu huendelea kuunguruma kwa jenereta zake, kwa taa na majokofu.

Wakati wa kaskazi moshi wa Kilindini huelekea Mtongwe na Kwale. Wakati wa kusi huelekea Changamwe na Miritini. Ozoni huwa nyingi zaidi jua likiwa kali, baina ya Adhuhuri na Alasiri, kwa hiyo mwenye pumu akapunge upepo asubuhi, hasa miezi hii ya kaskazi.

Kuna mtego mmoja katika kupima. Karibu na bomba, nitrojeni monoksidi mbichi huila ozoni, kwa hivyo kipimo cha ozoni langoni mwa bandari kinaweza kusoma vizuri kabisa huku hewa ni chafu. Ozoni huja kupanda kilomita kadhaa mbele, upepo unakoelekea. Malindi iliwahi kurusha maputo ya kupima ozoni ya angani katika mtandao wa SHADOZ, ulioanza 1998, kwa hiyo ujuzi huu si mgeni pwani. Tunachohitaji sasa ni vipimo vya chini, ozoni na nitrojeni dioksidi kwa pamoja, kaskazi na kusi, na vya Mtongwe na Miritini viwepo. Akija mtu na karatasi ya mwezi mmoja iliyopimwa langoni, tumuulize ilikuwa msimu gani na upepo ulikuwa unaelekea wapi.