Pumba si Takataka, ni Mali ya Kijiji

Mavuno ya mpunga yanapokwisha katika Bonde la Kilombero, mashine za kukoboa za Ifakara na vijiji vyake huunguruma kutwa. Mchele hutiwa magunia ukaenda sokoni, na pumba laini zikawa chakula cha mifugo. Yale maganda magumu, ambayo nayo tumezoea kuyaita pumba, hulundikwa nyuma ya mashine kama vichuguu. Sehemu yake huchukuliwa na wachoma matofali. Yanayosalia aghalabu hutiwa moto, yakafuka moshi siku nyingi, na mwisho wake ni jivu la kupeperushwa na upepo. Hii ni israfu, na israfu haijapata kumtajirisha mtu.

Msimu ufuatao mkulima yule yule huhangaika kutafuta fedha za mbolea, ambayo sehemu yake kubwa taifa letu huiagiza kutoka ng'ambo. Akiipata, huitia katika udongo uliochoka, usio na nguvu ya kuishika. Mvua kubwa ya kwanza huizamisha chini kusikofikiwa na mizizi. Hapana budi tujiulize: hivi kweli hatuna la kufanya na vichuguu vile?

Lipo, nalo ni kuyageuza mabaki hayo kuwa mkaa wa kutia shambani, ambao wataalamu huuita bayocha. Tofauti ya mkaa na jivu ni hewa. Mimea ikiungua penye hewa tele hubaki jivu tupu. Ikiungua penye hewa haba, kwa joto la nyuzi mia tatu na hamsini hivi na kuendelea, hubaki mkaa wenye vitundu vidogo visivyohesabika. Vitundu hivyo hushika maji na chakula cha mimea. Tena mkaa hauozi upesi kama samadi: sehemu yake kubwa hudumu ardhini kwa mamia ya miaka.

Jambo hili si geni duniani. Wajapani wamechoma pumba za mpunga kwa namna hii tangu zamani, wakazitia katika vitalu vyao. Huko Brazili, katika bonde la mto Amazon, kuna mabaka ya udongo mweusi wenye rutuba katikati ya ardhi iliyofifia. Udongo huo uliachwa na wenyeji wa kale, waliochanganya mkaa, mifupa na taka za nyumbani kabla Wazungu hawajafika. Mtaalamu wa Kiholanzi Wim Sombroek aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya udongo wa Amazon, naye ndiye aliyeshiriki baadaye kutayarisha ramani ya udongo wa Kenya ya mwaka 1982. Na huko Kenya magharibi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya mashamba ya mahindi ulionyesha kuwa mashamba yaliyochoka zaidi ndiyo yaliyonufaika zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo wa fedha nyingi. Chukua debe kuukuu, litoboe matundu mengi ubavuni, na juu yake usimamishe bomba la bati liwe dohani. Washa moto wa vijiti ndani ya debe, kisha rundika pumba kavu kulizunguka. Pumba zitageuka nyeusi kutoka ndani kwenda nje. Weusi unapokaribia kutokeza juu, zigeuze kwa koleo. Zikisha kuwa nyeusi zote, zitandaze na kuzimwagia maji mpaka zipoe kabisa. Anayechelewa kuzizima atakuta jivu. Kwa mabua na magunzi ya mahindi, chimba shimo lenye umbo la pia, washa moto chini, na ongeza tabaka jipya kila lile la chini linapoanza kufanya weupe wa jivu. Kazi hii ifanywe mbali na nyasi kavu, maji yakiwa karibu, na pua zifunikwe kitambaa, maana vumbi la pumba hudhuru mapafu.

Hata hivyo, tusimdanganye mkulima. Mkaa huu si mbolea, bali ni ghala la mbolea, na ghala tupu halishibishi mtu. Ukitiwa shambani peke yake, waweza hata kuinyima mimea chakula kwa muda. Uchanganywe kwanza na samadi au mboji, ukae majuma kadhaa ndipo upelekwe shambani. Unafaa zaidi udongo wa kichanga na ule wenye tindikali. Penye udongo wa magadi waweza kudhuru. Wala asichome mabua yote yule ambaye ng'ombe wake huyategemea wakati wa kiangazi.

Sasa tupige hesabu. Pumba ni kiasi cha moja ya tano ya uzito wa mpunga. Aliyevuna magunia 20 ya kilo 75 ana mpunga kilo 1,500, na pumba zake ni kilo 300. Humo atapata mkaa wa kilo 100 hivi, unaotosha kutia konzi moja katika kila shimo kwenye robo eka ya mahindi. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Lakini pumba za kijiji kizima zimekwisha kusanyika mahali pamoja, pale mashineni, bila gharama ya kuzikusanya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hii ni kazi ya chama cha ushirika, shule yenye shamba, na bwana shamba anayetoka ofisini akashika koleo.

Tena tufanye hima. Huko ulimwenguni mkaa huu umekwisha kuwa biashara, kwa sababu hufungia ardhini kaboni ambayo ingerudi hewani, na yapo makampuni yanayolipia jambo hilo. Serikali yetu ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Atakapofika mgeni na mkataba wake, usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na kila mkulima ajue fungu lake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1972, kule Iringa, tuliambiwa kuwa siasa ni kilimo, na viongozi wakatakiwa kuhimiza kilimo bora. Basi kiongozi wa leo aanze na kichuguu kile nyuma ya mashine. Debe lipo, pumba zipo, na samadi ipo zizini. Kinachongojewa ni sisi kuinama na kuanza.